Nafasi ya kumi na moja

Keti hapa, mjukuu wangu. Tangu juzi umenuna kwa kuwa timu yako ya Uingereza imekwama katikati ya msimamo, na jana nimekusikia ukisema bora uhamie nyingine. Haya nilikwisha kukwambia, na kurudia kunachosha. Lakini sikiliza.

Msimu wa 1952/53 Preston North End walikosa ubingwa kwa wastani wa magoli tu, wao pointi 54, Arsenal pointi 54. Msimu uliofuata mashabiki wao walitaraji makubwa. Wakamaliza wa 11 kati ya timu 22, pointi 43. Arsenal, bingwa mtetezi, akawa wa 12. Liverpool, hao mnaowaimba leo, walishika mkia wakashuka daraja.

Ukiusoma msimamo ule utaipita Preston bila kusimama. Na humo alikuwamo Tom Finney, mzaliwa wa mji uleule, fundi bomba kwa kazi yake. Mguu wake wa asili ulikuwa wa kushoto, akaufunza wa kulia mpaka beki asijue atapitwa upande gani. Mshahara wa mchezaji ulikuwa na ukomo, mwaka 1952 pauni 14 kwa wiki. Mwaka huo Palermo ya Italia walimwahidi pauni 10,000 akikubali kusaini. Klabu ikakataa kumwachia. Mimi naiita dhuluma ile, tena kubwa. Yeye alirudi uwanjani akacheza kama jana yake.

Mwaka huohuo wa nafasi ya 11, waandishi wa michezo walimteua Mchezaji Bora wa Mwaka, na timu ikafika fainali ya Kombe la FA, Wembley. Preston waliongoza 2-1. West Bromwich Albion wakasawazisha kwa penalti, kisha dakika zikiwa zimebaki chache Frank Griffin akafunga la tatu. Finney siku ile hakung'ara. Hutokea, hata kwa mtu kama yeye.

Mwaka 1960 akatundika daluga. Mwaka 1961 Preston wakashuka. Aliyekuwa amesusa kwa sababu ya nafasi ya 11 alikuwa amejinyima miaka ya kumtazama Finney, na miaka ile hairudi.

Sasa nijibu. Winga wa timu yako, yule wa kushoto, ametokea wapi? Anatumia mguu gani? Msimu mzima umeutazama, baba, na hujui.