Kutu Iliyofunikwa

Nyuma ya nyumba ninayo Land Rover Series IIA aliyoniachia baba. Bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu. Chesisi ni ya chuma, nayo huoza kutoka ndani, mahali ambapo tope na maji hukaa bila kuonekana. Nilipoigonga kwa nyundo, nyundo ikapenya.

Nilikuwa nimechoka. Nikajaza pati, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Ilipendeza. Juma lililofuata mzee mmoja wa usharika akaja akitaka kuinunua. (Watu hudhani gari la mchungaji halina siri.)

Nikaikumbuka Zaburi ya 32, inayonena habari za dhambi kufunikwa. Je, Mungu naye hupaka pati? Sisi Walutheri tumeulizwa swali hilo mara nyingi, wala si la kubezwa: kama haki ya Kristo inatufunika tu, si tunaoza vilevile chini yake? Lakini zaburi hiyohiyo yasimulia mtu aliyenyamaza hata mifupa yake ikachakaa, kisha akakiri. Mungu hufunika kile kilichokwisha kufunuliwa mbele zake. Mimi nilifunika ili nisikiri.

Nikamwomba mzee alale nami chini ya gari, nikaikwangua pati kwa bisibisi mbele ya macho yake. Alinyamaza kitambo. Hakuinunua.

Sasa kila Jumamosi nakata chuma kilichooza na kuchomelea kipya. Kuoza kumefika mbali kuliko nilivyodhani.