Faida Hii Imelipwa na Nani?



Katika mkoa wetu wa Simiyu fedha na mahitaji havifuati kalenda moja. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, huanza kuuzwa mwezi wa Mei, na fedha yake humfikia mkulima mara moja kwa mwaka. Lakini chumvi, sabuni, daftari na mchango wa chakula cha shuleni hudaiwa kila juma. Hata wale wetu wenye mshahara hapa Bariadi mjini wanajua kwamba siku kumi za mwisho wa mwezi ni ndefu kuliko ishirini za kwanza.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi za washarika utakuta mradi mdogo: karai la maandazi, cherehani kibarazani, kuku wachache wa mayai, bustani ya mchicha, karanga zilizofungwa katika vifuko. Hatuandiki ili kuwafundisha namna ya kuendesha miradi hiyo. Wako akina mama wanaojua kuliko sisi. Twataka tutafakari pamoja swali moja ambalo halina budi kuulizwa na Mkristo anapohesabu fedha yake jioni: faida hii imelipwa na nani?

Wako wanaosema swali hili halina maana, kwa kuwa kila jitihada ni njema. Wako wengine wanaosema kutafuta nyongeza ni kupenda fedha, na kwamba mtu aridhike na alicho nacho. Tunadhani wote wawili wamekosea. Dorkasi wa Yafa alishona mavazi kwa mikono yake, na Akila na Prisila walishona mahema nyumbani kwao Korintho, na mtume Paulo akafanya kazi pamoja nao. Kazi ya nyumbani si aibu wala tamaa. Lakini si kila fedha inayoingia nyumbani ni matunda ya kazi. Nyingine imetoka tu mfuko mmoja wa nyumba na kuingia mfuko mwingine, na nyingine imetoka mfuko wa jirani bila yeye kujua.

Tuchukue mfano wa maandazi. Bei hubadilika, lakini tuseme mama ametumia unga kilo 2 kwa shilingi 3,600, mafuta 2,500, sukari 800, hamira 300 na mkaa 1,500. Jumla ni shilingi 8,700. Akipata maandazi 60 na kuyauza yote kwa shilingi 200, atapata 12,000, na faida yake ni 3,300. Maandazi 10 yakibaki, au yakiliwa na watoto, faida imeshuka hadi 1,300. Na kama mkaa ulikuwa wa kupikia chakula cha nyumbani na hakuuhesabu, basi ametumia akiba ya nyumba bila kuona, na jioni atashangaa kwamba anauza kila siku wala haoni kitu. Kuhesabu kila kitu si ubahili; ni kusema kweli. Na baada ya kuhesabu unga na mkaa, wako walipaji wengine ambao hawaonekani katika daftari.

Wa kwanza ni mtoto. Binti anayebeba ndoo ya vitumbua alfajiri na kufika shuleni kengele imekwisha kulia analipa sehemu ya faida hiyo. Tukumbuke yule mjane wa kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne. Mdai alikuwa akija kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani, naye hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Wanawe walimsaidia: walimletea vyombo naye akamimina. Kwa hiyo hatusemi kwamba mtoto asishike kazi yoyote. Sheria yetu ya mtoto ya mwaka 2009 nayo inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, mradi isimdhuru wala kumzuia shule. Lakini tazameni mafuta yale yaliuzwa kwa ajili ya nini. Yaliuzwa ili watoto wakombolewe. Mradi unaomtoa mtoto shuleni umegeuza habari hii juu chini: mtoto anauzwa ili mafuta yapatikane.

Mlipaji wa pili ni ghala. Mwezi wa Juni na Julai nyumba zetu zina mahindi, na viazi vitamu vinakatwakatwa na kuanikwa juani viwe michembe, au kuchemshwa kwanza na kuwa matobolwa. Wazee wetu hawakufanya hivyo kwa ajili ya kupamba uwanja. Walikuwa wakiitazama Januari na Februari, wakati shamba lina kazi na chungu hakina kitu. Anayeuza ziada amefanya vema. Lakini anayeuza debe la mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kulinunua debe lile lile Februari kwa bei ya juu hakupata kipato. Amejikopesha kwa riba, na watakaoilipa ni wale watakaolala bila kushiba.

Mlipaji wa tatu ni mama mwenyewe, na hapa twasema na akina baba. Mama akiamka saa kumi usiku kuwasha moto, kisha akaenda shamba, kisha akateka maji, mwili wake unalipa. Na mara nyingi hutokea jambo baya zaidi: baba akiona mboga inapatikana, huondoa mkono wake taratibu. Fedha ya pamba iliyokuwa ya nyumba inakuwa ya kwake, na fedha ya maandazi inakuwa ya nyumba. Hapo kipato hakikuongezeka hata kidogo. Mzigo umehamishwa tu kutoka bega moja hadi jingine. Akina baba, nyongeza ya mama ni nyongeza juu ya wajibu wenu, si badala yake.

Mlipaji wa nne ni jirani. Watu wa Usukuma wanajua uchungu wa kipimo cha uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa nchi hii, waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe kuhakikisha uzito. Kutoka katika harakati hizo vyama vya ushirika vilienea chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria. Hata leo twalalamika, na kwa haki, juu ya mnunuzi anayedai lumbesa. Je, tutawezaje kulaani lumbesa huku tunauza karanga kwa kikombe kilichobonyezwa chini? Kumbukumbu la Torati linamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, nalo halisemi kwamba maskini ameruhusiwa.

Katika mlango huu huu inaingia gongo. Twajua kwamba wako wanaoipika nyumbani kwa sababu huleta fedha upesi kuliko maandazi. Lakini faida yake hulipwa na mke wa mnywaji na watoto wake, mbali na macho ya mpikaji, na kwa kuwa sheria imeikataza, siku moja mpikaji naye hulipa.

Swali hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha, na ingawa masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, swali lililokuwa nyuma yake lingali zima: nyongeza yako imetoka kwenye jasho lako, au kwenye jasho la mwingine? Azimio liliwauliza wakubwa. Injili inamwuliza kila mtu, hata mwenye karai moja.

Hapa ndugu mmoja atatujibu hivi: “Maneno haya ni rahisi kwa mtu aliyeshiba. Mjane mwenye watoto wanne hana nafasi ya kuchagua. Akiacha gongo, ninyi mtampa nini?” Jibu hili ni la haki, wala hatupaswi kulikwepa. Turudi kwa yule mjane wa Elisha. Mafuta yalikuwa yake, lakini vyombo alivyomiminia viliazimwa kwa majirani, na nabii alimwambia asiazime vichache. Kama majirani wangefunga milango yao, muujiza ungeishia katika chupa ile moja. Kwa hiyo swali la nani amelipa linaligeukia kanisa pia. Pengine mjane analipa zaidi ya uwezo wake kwa sababu sisi hatukutoa chombo.

Chombo ni kitu gani kwetu? Kwanza, tulipe madeni yetu. Wako washarika wanaokula maandazi kwa mkopo Jumatatu, na kushonewa nguo za Krismasi kwa mkopo Desemba, kisha wanapita njia nyingine. Mambo ya Walawi yanatufundisha kwamba ujira wa kibarua usilale kwetu hata asubuhi. Deni la shilingi 2,000 kwetu laonekana dogo; kwa mwenye karai ni faida ya siku nzima.

Pili, mtu asiachwe aende peke yake kwa wale wa mikopo ya kausha damu, inayodaiwa kila siku au kila juma kwa riba kubwa mpaka godoro na vyombo vinachukuliwa. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo, na halmashauri zetu zimewekewa sheria ya kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwenye kujua kuandika amsaidie asiyejua kujaza fomu. Nacho ni chombo.

Tatu, tusimwombe bei ya undugu yule aliye maskini kuliko sisi. Undugu wa kweli hununua kwa bei kamili na kulipa papo hapo.

Basi, mpendwa msharika, jioni unapohesabu, hesabu fedha kwanza. Kisha uliza: Je, mtoto amekwenda shule? Je, ghala litafika Februari? Je, baba na mama wamebeba mzigo pamoja? Je, jirani amepata kipimo chake? Kama majibu ni ndiyo, basi hata shilingi 1,300 ni faida kamili, nawe waweza kuitolea sadaka kwa mkono safi na kulala usingizi. Kama jibu moja ni hapana, liko deni ambalo halijaandikwa, na ni heri kulilipa mapema lingali dogo.

Bwana abariki kazi za mikono yenu, na nyumba zenu pia.