Kuanguka kwa Ajili ya Pointi Moja

Tarehe 10 Februari 2022, kule Beijing, Yuzuru Hanyu wa Japani aliruka Axel ya mizunguko minne na nusu kwenye barafu, akaanguka. Mruko uliofuata akaanguka tena. Alikuwa na miaka 27 na dhahabu mbili za Olimpiki, ya 2014 na ya 2018. Safari hii alimaliza wa nne. Dhahabu ilienda kwa Nathan Chen wa Marekani, fedha kwa Yuma Kagiyama, kijana wa miaka 18.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu anayenunua bando ya siku. Kinachonisumbua ni hesabu. Axel hiyo ilikuwa na thamani ya pointi 12.5. Lutz ya mizunguko minne, ambayo watu tayari waliiweza, ilikuwa na 11.5. Yaani ujivunje kwa pointi moja?

Mtaani tunaambiwa kujaribu ni ushindi tosha. Sikubali. Hanyu alitaka kutua, na hakutua. Kumwambia alishinda ni kumfanya mtoto. Nao waliosema kuteleza si kuanguka hawakuwahi kuona barafu.

Septemba mwaka huohuo, Ilia Malinin, Mmarekani wa miaka 17, aliruka Axel hiyo huko Lake Placid na kutua. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye mashindano. Alisema Hanyu ndiye aliyemtia moyo. Ni rahisi kufunga hadithi hapo: mkongwe alipanda, chipukizi akavuna. Lakini Hanyu hakuruka kwa ajili ya Malinin. Kama tendo lake lilihitaji kungoja miezi saba ndipo liwe na maana, basi sifa zote ni za Malinin.

Rafiki yangu mmoja ana jibu lake: "Mwenye dhahabu mbili anaweza kumudu kuanguka. Wewe unaanguka na kodi ya nani?"

Lilinichoma, kwa sababu niliacha chuo ili niandike. Ila nadhani amenionyesha swali lenyewe. Si kama ulifaulu, wala kama ulijaribu, bali ni nani anayelipia ukianguka. Medali aliyoihatarisha Hanyu ilikuwa yake, na mwili ulikuwa wake. Ndiyo maana naweza kumheshimu bila kusubiri Malinin atue.

Mimi karo yangu ililipwa na mamangu. Niliruka na pesa zake, na sikumuuliza. Hilo halimaanishi nilikosea kuruka. Linamaanisha siwezi kujiita jasiri peke yangu, kana kwamba hakuna mtu mwingine aliyeumia nilipogonga chini.

Hajawahi kuniuliza ninaandika nini. Nimekuwa nikiuita ukimya huo baraka. Sasa sina hakika. Jumapili nikipanda matatu kwenda nyumbani, nitaanza mimi kuongea.