Deki ya HD: Je, Ina Thamani ya Bei Yake?



Mpendwa kijana mwenzangu, huenda ukashangaa kukuta swali hili kwenye ukurasa wa tafakari. Kununua deki mpya, ile inayosoma diski za Blu-ray na kutoa picha ya HD, ni busara au ni kufuja hela? Kwa mtu wa mjini mwenye mshahara, hilo ni jambo la nusu saa dukani. Kwa sisi vijana wa kigango huku Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ni mjadala wa miezi miwili sasa, na bado haujaisha.

Jambo lenyewe liko hivi. Kikundi chetu kina deki ya DVD ya siku nyingi na TV ya chogo. Jumapili jioni, hasa wakati wa Kwaresima na Majilio, tunaonyesha filamu za maisha ya Yesu na za watakatifu. Wanakuja watoto, wanakuja bibi zetu, wanakuja hata majirani wasio Wakatoliki. Kwa michango yetu na kwa kuuza dagaa tumefikisha akiba ya Sh 420,000. Baadhi yetu wanasema hela hiyo inunue deki ya HD, na TV bapa tuitafute kidogo kidogo. Wengine wanasema imsaidie dada mmoja wa kikundi aliyepata nafasi ya kusomea ushonaji huko Sumbawanga. Nauli, godoro na vifaa vimemshinda. Kwao wanaishi kwa ziwa, na mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, walikula akiba yote waliyokuwa nayo. Hawajasimama vizuri mpaka leo.

Kwanza tuondoe fikra moja isiyo sahihi. Kanisa halina ugomvi na vyombo hivi. Mwaka 1931 Papa Pio XI alizindua Redio Vatikani, na mtambo wake ulijengwa na Marconi mwenyewe. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliandika waraka mzima, Miranda Prorsus, kuhusu sinema, redio na televisheni. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Inter Mirifica kuhusu vyombo vya upashanaji habari. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba kioo cha TV ni cha shetani. Swali letu ni la matumizi na la gharama.

Yesu mwenyewe anazungumzia gharama. Katika Luka 14:28 anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kabla ya yote hukaa chini na kupiga hesabu. Anautumia mfano huo kuelezea kumfuata yeye, sawa, lakini anachukulia kwamba mtu mwenye akili hukaa chini kwanza. Basi na sisi tukae chini.

Deki ya HD inaleta nini hasa? Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Picha ya Blu-ray ina nukta 1920 kwa 1080, yaani mara tano zaidi. Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, na ya Blu-ray hubeba 25. Tofauti hiyo ni ya kweli, si maneno ya wafanyabiashara. Ukikaa karibu na TV kubwa utaona hadi nyuzi za vazi la mtu.

Ila kuna masharti. La kwanza, TV yetu ya chogo haina tundu la HDMI, na bila hilo ile picha safi haifiki kwenye kioo. Ukinunua deki leo, umejiandikia deni la TV kesho. La pili, diski zetu zote ni DVD na VCD za zamani. Deki mpya itazisoma DVD na kuivuta picha ijae kioo, lakini haiwezi kuonyesha kitu ambacho hakikurekodiwa. La tatu, macho. Hata tukipata TV bapa ya inchi 32, mtu aliyekaa zaidi ya kama mita tatu na nusu hawezi tena kuitofautisha picha ya HD na ya DVD nzuri. Sasa fikiria mabenchi yetu yalivyopangwa mpaka mlangoni. Watakaofaidi ni watoto waliokaa chini mbele. Bibi zetu wa mabenchi ya nyuma hawataona mabadiliko yoyote, na wao ndio tunaosema tunawanunulia.

Nilimuuliza bibi mmoja baada ya kuonyesha The Passion of the Christ, ile filamu ya mwaka 2004. Nikamwuliza kama picha inamsumbua. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sura nimeiona. Sasa wanasemaje?" Waigizaji wa filamu ile wanaongea Kiaramu na Kilatini, na tafsiri yake iko kwa maandishi chini ya picha, kwa Kiingereza. Bibi hasomi Kiingereza. Hata tukiyafanya maandishi yale yawe safi kama maji ya Kalambo, kwake ni bure. Anachohitaji ni mtu wa kumwelezea, kama walivyofanya watafsiri wa vibanda vya video, akina Lufufu, walioifanya filamu ya kigeni ieleweke kwa Kiswahili cha mtaani. Spika na maiki vingemfaa bibi kuliko nukta milioni mbili.

Najua unachotaka kuniambia, maana kaka mmoja alikisema kikaoni na wengi wakapiga makofi. Alisema: "Mbona kila kizuri tukitaka, mnatuletea maskini? Yuda Iskarioti naye alisema hivyo hivyo." Jamani, hoja hiyo ni nzito, na tusiipite mbio. Katika Yohane 12, Mariamu wa Bethania anampaka Yesu miguu kwa marhamu ya nardo safi. Yuda anauliza kwa nini isingeuzwa kwa dinari mia tatu, wapewe maskini. Yesu anamtetea Mariamu. Kwa hiyo kuna uzuri wenye gharama ambao Bwana anaupokea. Makanisa yetu, kengele, mavazi ya Misa, vyote vina gharama, na mtu anayevipima vyote kwa bei ya unga amekosa kitu.

Basi deki ya HD ni marhamu ya Bethania? Nimeisoma habari ile mara nyingi tangu kikao kile, na nimeona mambo mawili. Mariamu alitoa kilicho chake. Hakuchukua mfuko wa wote. Tena alikimimina chote kwa mwingine, yeye mwenyewe hakubaki na chupa. Sisi tunachukua michango ya wote, pamoja na ya yule dada aliyekuwa akileta dagaa wake tuuze, tununue kitu kitakachobaki mikononi mwetu. Na lile neno la Yesu kwamba maskini mnao siku zote linatukumbusha Kumbukumbu la Torati 15:11, ambapo Mungu anaamuru tuwafungulie mikono kwa sababu hawatakosekana katika nchi. Hoja ya Bethania inamlinda anayetoa. Anayenunua asijifiche chini yake.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Mtakatifu Klara wa Asizi. Unajua kwamba ndiye msimamizi wa televisheni? Papa Pio XII alimtangaza hivyo kwa sababu ya simulizi la usiku mmoja wa Noeli. Klara alikuwa mgonjwa, hawezi kwenda na wenzake kanisani, akabaki peke yake kitandani. Inasimuliwa kwamba Mungu alimjalia kuona na kusikia ibada ya kanisa la Mtakatifu Fransisko akiwa pale pale alipolala. Na msimamizi huyu wa televisheni alidai jambo moja kwa mapapa maisha yake yote: haki ya kutomiliki kitu. Papa Inosenti IV aliithibitisha Kanuni yake tarehe 9 Agosti 1253, siku mbili tu kabla Klara hajafa. Kanisa lilipotafuta mtu wa kusimamia TV zetu, lilimchagua mwanamke asiyetaka kuwa na chochote. Zawadi ile ya Noeli ilikuwa kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kufika. Nadhani hicho ni kipimo kizuri cha chombo chochote cha kikundi: kinamfikia nani ambaye hakuweza kufika?

Sisemi kwamba cha zamani ndicho kitakatifu. Sisi wa Kasanga tunaijua MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Bibi zetu wamepanda meli ile, na mama zetu pia. Lakini miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli, maana kazi ilidai. Huko ni kubadilisha kwa sababu. Hata mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, waliokuwa wakiitegemea walilazimika kutafuta king'amuzi, la sivyo wangebaki na kioo kitupu. Hilo nalo lina maana yake. Deki yetu ya DVD inafanya kazi. Hakuna aliyetuzimia kitu.

Kinachotusukuma, tukisema ukweli, ni kwamba kigango cha jirani wana TV bapa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, namba 36, anafundisha kwamba kutaka kuishi vizuri zaidi si kosa. Kosa ni kudhani maisha yamekuwa bora kwa sababu tu tumeongeza vitu, wakati sisi wenyewe hatujaongezeka utu. Na vitu vyenyewe havingoji. Walionunua mashine za HD DVD, zilizoshindana na Blu-ray, mwaka 2008 waliona Toshiba akijitoa, na mashine zao zikabaki bila filamu mpya. Walikuwa nazo za kisasa kabisa.

Basi kama una swali kama letu, la deki, la simu au la kitu kingine, jiulize haya mbele ya Sakramenti Takatifu kabla ya kwenda dukani. Nilichonacho kimeshindwa kazi gani? Bei yote ni ipi, pamoja na vitu vitakavyofuata? Hela ni ya nani? Na ni nani ataikosa nikiitumia hapa? Ukijibu yote manne kwa moyo mweupe na bado ukaona ununue, nunua kwa amani, na umkaribishe jirani mje mtazame pamoja. Mwenye kipato chake, aliyetimiza wajibu wake, simhukumu.

Sisi tunapiga kura Jumapili ijayo baada ya Misa. Kura yangu ni hii: Sh 350,000 zimpeleke dada yetu Sumbawanga, na Sh 70,000 zitafute spika na maiki, hata vilivyotumika. Mimi niko tayari kusoma tafsiri kwa Kiswahili ili bibi zetu wajue Yesu anasema nini. Huenda nikashindwa kura, na nikishindwa nitabeba nyaya za deki mpya pamoja na wenzangu, maana ni ndugu zangu na nia yao si mbaya. Lakini dada yule ataripoti chuo mwezi ujao au hataripoti. Deki za HD zitakuwepo hata mwaka kesho, na bei yake huenda ikashuka. Nafasi yake haitamsubiri.

Tusali:

Ee Mtakatifu Klara, uliyeona Noeli ukiwa kitandani, utuombee sisi vijana tunaopenda kuona vitu vizuri. Utusaidie kuwaona pia wenzetu wanaokaa nasi benchi moja, na tujue wanachopungukiwa kabla hawajaomba. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.