Sauti Kutoka Ndani ya Wingu

Jumamosi iliyopita nilipanda Uluguru na vijana wa usharika wetu. Tulifika Morogoro Ijumaa jioni kwa treni ya SGR, na kabla hakujapambazuka tukashika njia ya Morningside, ile nyumba kuukuu iliyojengwa na Wajerumani. Vuli imeanza kunukia. Kwenye mashamba ya kabichi na njegere tulipishana na akina mama wa Kiluguru wakiteremka na mizigo kichwani kuwahi Soko la Chifu Kingalu. Vijana wakawaamkia, na mama mmoja akaitikia bila kusimama: "Marahaba wanangu. Huko juu mtalowa."

Tukalowa kweli. Tulipoingia msituni wingu lilitufunika, hata aliyenitangulia hatua kumi nikawa namjua kwa kikohozi chake tu. Mvua haikunyesha, lakini kila tawi lilidondosha maji. Binti mmoja wa kwaya alibonyeza kiganja kwenye majani laini kama sufi yaliyovika gome la mti, na maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Msitu ule hunasa wingu na kulikamua taratibu, mchana na usiku. Matone yake huingia vijitoni, vijito huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio tunaoukinga kwenye ndoo zetu hapa Boko na Tegeta.

Karibu na minara ya Bondwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, tukatokea juani. Mawingu yote yalikuwa chini yetu, meupe, yametandazwa hadi upeo wa macho. Vijana wakaimba, kisha wakaniomba niombe. Nilikuwa na sala yangu tayari, ile tuliyoizoea wahubiri: Bwana, tuinue juu ya mawingu ya maisha. Ikanikwama kooni. Oktoba 2022, Ruvu ulipopungua na maji yakaja kwa mgawo, nani kati yetu aliomba anga jeupe?

Niliporudi nilisoma tena Kutoka 24. Wingu lilifunika Sinai siku sita, na siku ya saba Mungu alimwita Musa kutoka ndani ya wingu lile lile. Luka naye anasema wanafunzi watatu waliokuwa na Yesu mlimani waliogopa walipoingia winguni, na humo humo ndimo sauti ilimotokea. Mimi nimehubiri miaka mingi kana kwamba Mungu yuko upande wa pili, anatusubiri tuvuke.

Kuna mama kati yetu aliyeniambia, baada ya ibada, kwamba tangu amzike mwanawe anaomba na haoni kitu. Nilimjibu kwamba wingu hilo litapita. Mama, nilikujibu haraka mno, nisamehe. Sikukuuliza hata unasikia nini humo ulimo. Alhamisi nitakuja nyumbani, na safari hii nitakaa nikusikilize wewe.

Petro, mmoja wa wale wanafunzi watatu, alitaka wajenge vibanda wabaki mlimani. Vijana wetu nao walitaka tulale kule juu. Tulifika Boko saa nne usiku, bomba la mtaani likitoa maji membamba na madumu yamepangwa foleni. Yule binti wa kwaya alimkuta mama yake kakalia ndoo iliyofudikizwa, anasinzia. Akavua viatu vyenye tope la Uluguru, akamwambia, "Mama, nenda kalale," akashika zamu yake.