Mbwa Hajui Deni

Andiko la wiki: 2 Samweli 9:1-13

Kwa wale hamkuwa ibada ya pili Jumapili, haya ndiyo tuliyozungumza, kwa ufupi.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na kelele kwa grupu la WhatsApp la vijana wetu. Mtu alituma linki ya kwizi: jibu maswali kumi, simu ikuambie wewe ni mbwa wa aina gani. Unapenda kuamka mapema ama kuchelewa? Rafiki akikukosea, unanyamaza ama unamwambia? Ukiingia kwa sherehe, unakaa pembeni ama unasalimia watu wote? Unabonyeza, unabonyeza, mwisho picha inatokea. Dada mmoja wa kwaya akatoka Poodle, mwerevu na nadhifu. Ndugu mmoja wa mlangoni akatoka German Shepherd, mlinzi mwaminifu. Niliwacheka. Halafu saa tano usiku, nyumba ikiwa imelala, na mimi nikafungua ile linki. Msinicheke, najua wengi wenu pia mlifungua.

Nikatoka Golden Retriever. Simu ikasema nina moyo laini, napenda watu, na sipendi ugomvi. Nikafurahi sana.

Sasa mnivumilie nitoe siri. Mwaka wa 2019, kabla sijaingia huduma, ndugu yangu mkubwa alinikopesha shilingi 60,000 nianze kufuga kuku. Nina digrii ya biashara, kwa hivyo niliandika mpango mzuri, kurasa kumi na mbili, na hesabu za faida. Kuku wakakufa karibu wote ndani ya wiki mbili. Tangu hapo, ndugu yangu akipiga simu, mara niko kwa maombi, mara simu haina chaji. Tukikutana kwa matanga namsalimia haraka haraka naenda kusaidia kupanga viti. Hajawahi kunidai. Ni mimi ninayetoroka.

Asubuhi yake nikamwonyesha mke wangu ile picha ya mbwa, nikasema kwa utani, "Unaona? Hivi ndivyo nilivyoumbwa. Sipendi ugomvi." Aliangalia simu, akanirudishia, akasema, "Mbwa hajui deni. Wewe unajua." Akaendelea kumimina chai.

Wapendwa, hiyo chai haikushuka.

Hebu tuulize kwanza: kwa nini kwizi kama hii inatushika? Mwaka wa 1948 huko Marekani, mwalimu wa saikolojia aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia. Baadaye kila mmoja akapewa karatasi yenye maelezo juu yake, akaulizwa ni ya kweli kiasi gani, kutoka sifuri hadi tano. Wastani ulipita nne. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi moja, maneno yale yale, na mengi aliyatoa kwa kitabu cha nyota! Ni maneno yanayomfaa kila mtu, na yenye kupendeza masikio. Wewe umeokoka, huwezi kusoma mambo ya nyota gazetini. Lakini ukiletewa nyota imevaa ngozi ya mbwa, unaituma kwa grupu na kusema, "Huyu ni mimi kabisa!"

Na mmeona kitu? Katika lile grupu lote, hakuna hata mmoja aliyetoka mbwa koko anayelala nje ya bucha. Wote walikuwa mbwa wa mbegu nzuri. Kioo kinachokusifu tu si kioo, ni picha ya matangazo.

Sasa twende kwa Biblia. Kuna mtu alijipa matokeo yake mwenyewe, na pia yalikuwa ya mbwa. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Alipokuwa na miaka mitano, yaya wake alimwangusha akikimbia vita, akalemaa miguu yote miwili. Akakulia mafichoni Lo-debari, kwa nyumba ya mtu mwingine. Siku Daudi anamwita, anakuja akitetemeka, maana wafalme wa zamani hawakuacha ukoo wa mfalme aliyetangulia ukae salama. Anaanguka kifudifudi, na katika mstari wa 8 anajiita mbwa mfu.

Angalieni Daudi anafanya nini. Habishani naye. Hamwambii, "La, wewe ni simba." Alishamwita kwa jina lake, akamwambia asiogope, na akaahidi kumrudishia mashamba yote ya babu yake. Kisha anampa kiti mezani, ale kama mmoja wa wana wa mfalme. Kwa nini? Mstari wa 1 unatuambia: ni kwa ajili ya Yonathani. Si kwa sababu ya tabia yake, wala alama alizopata. Ni kwa ajili ya mwingine. Na wewe na mimi tumeketi mezani kwa ajili ya Yesu. Semeni amina!

Halafu soma mstari wa mwisho wa sura hiyo. Inamalizika ikitukumbusha kwamba miguu yake ilikuwa bado ni lema. Kilichobadilika ni mahali alipoketi.

Kanisa, kuna majina ya aina mbili yanayotuweka Lo-debari. Moja linasema wewe ni mbwa mfu, huwezi kubadilika. Wengine mlipewa hilo na mwalimu, na wengine na mzazi wenu. Lingine linasema wewe ni Golden Retriever, huna haja ya kubadilika. Hilo ndilo lilikuwa langu. Yote mawili yanatufanya tukae mafichoni. Ndiyo maana katika Zaburi 139 Daudi anamwomba Mungu mwenyewe amchunguze, aone kama ana njia mbaya ndani yake. Kwizi haikuulizi kuhusu deni. Roho Mtakatifu anauliza.

Neno moja la simu pia, kwa sababu ni kazi yangu kama mchungaji kulinda kundi. Chuoni tulifundishwa kuuliza: kama kitu ni cha bure, nani analipa? Mwaka wa 2018 dunia ilijua habari ya kwizi moja ya tabia iliyokuwa Facebook. Waliojibu walikuwa watu kama 270,000. Lakini kupitia kwao zilichukuliwa habari za marafiki zao, na Facebook yenyewe ilisema huenda zilifika watu milioni 87, ambao wengi wao hawakujibu hata swali moja. Kwa hivyo kwizi ikikuomba namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa ama ruhusa ya kuona majina yaliyo kwa simu yako, funga. Hayo majina si yako peke yako. Mama yako yuko hapo ndani.

Nimalizie. Jumanne nilimpigia ndugu yangu. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikiwa na digrii yangu na Biblia yangu. Nilimwambia, "Kaka, nimekuwa nikikutoroka." Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Hao kuku kwani walikufa na nini?" Miaka hii yote hakujua. Hata hilo sikuwa nimemwambia. Hakuniambia mambo yamekwisha, na sikumwomba aseme hivyo. Tumekubaliana shilingi 5,000 kila mwisho wa mwezi, mwaka mmoja. Ya kwanza nimetuma kwa M-Pesa. Miguu yangu bado ni lema, lakini mimi nimetoka Lo-debari.

Wiki hii, kila mmoja wetu afikirie mtu mmoja ambaye akipiga simu hatutaki kuishika. Mpigie wewe kwanza.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa kiti ulichotupa kwa ajili ya Yesu. Utuchunguze mahali simu haifiki. Tupe ujasiri wa kutoka mafichoni na kuwarudia tuliowakosea. Katika jina la Yesu, amina.