SAUTI ILIYOHIFADHIWA NI AMANA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetupa masikio, macho na nyoyo, na ambaye atatuuliza kwa vyote vitatu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni sauti za redio za nchi za mbali tunazozinasa na kuziweka katika simu zetu, kisha tukapelekeana.

Zamani mtu wa Lamu au Unguja aliyetamani kumsikia msomaji wa Misri hakuwa na budi kungoja usiku, akazungusha kitufe cha redio taratibu, akapata aya mbili, na ya tatu ikamezwa na mvumo. Leo mambo si hayo. Setilaiti zimewekwa juu ya mstari wa ikweta, mbali na ardhi kadiri ya kilomita 36,000, nazo huzunguka sawasawa na mzunguko wa dunia; ndiyo ukaona ungo juu ya paa umeelekezwa pahali pamoja wala haugeuzwi. Idhaa nyingi za Kiislamu hazikufungwa wala hazitaki ada. Hushuka pamoja na televisheni katika ungo ule ule, na mwenye king'amuzi akienda panapoandikwa redio huzipata, na vingine akivichomeka flashi huzihifadhi. Asiye na ungo huzipata kwa intaneti, ijapokuwa sauti ya intaneti hufika nyuma ya ile ya setilaiti. Hii ni neema, na mwenye kuikanusha ni mtovu wa shukrani.

Wala kuihifadhi sauti si mchezo wa vijana, kama wasemavyo baadhi ya wazee wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Misri ilionekana misahafu iliyopigwa chapa nzuri, na ndani yake maneno yamepotolewa. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alikuwa amekwisha kurikodi Kurani nzima kwa tartili mwaka 1961, na sauti ile ndiyo iliyorushwa hewani ilipofunguliwa Idhaa ya Kurani Tukufu ya Kairo, tarehe 25 Machi 1964, ili kila mwenye msahafu mkononi apate wa kumsahihisha. Basi tazama: karatasi ilipohaini, sauti iliyohifadhiwa iliwekwa kuwa mlinzi. Na sisi leo twaigeuza sauti hiyo hiyo kuwa mwenye kuhaini!

Nitawapa kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu katika mtaa mmoja wa hapa kwetu pwani. Usiku mmoja wa Ramadhani, yaani mwezi umetimia siku ishirini na tisa, watu wako msikitini wangojea khabari, mara simu zikaanza kulia. Imekuja sauti ya mtangazaji wa ng'ambo, safi kabisa, yasema kwa Kiarabu fasihi kuwa mwezi umeonekana na kesho ni Idi. Watu wakapeana mikono. Wengine wakatoka kabla ya tarawehe, majumbani unga ukakandwa, na wapo waliolala bila ya nia na bila ya daku. Imamu peke yake ndiye aliyeuliza, "Bwana, sauti hii ni ya usiku wa lini?" Wakamwona mkaidi. (Sina haja hapa ya ule mjadala wa mwezi wa mbali na mwezi wa karibu, ulimi wangu umechoka nao.)

Kulipokucha ndipo ilipobainika kuwa ile ilikuwa sauti ya mwaka uliopita. Mwenye kuinasa hakuwa mwongo. Ni mtu mwema, aliinasa katika ungo wake kwa ajili ya mamake, ambaye alipendezewa na sauti ya yule mtangazaji. Mwanawe akakata kipande, akaacha mwanzo ulipotajwa mwaka wa Hijria, akampelekea rafikiye kumfurahisha, rafiki akampelekea mwingine. Watu walioamka na kanzu mpya wakala mchana wa Ramadhani, nao wadaiwa kadha hatta leo kama hawajailipa. Ni nani atakayeulizwa? Yule aliyenasa, aliyekata, aliyepeleka, au aliyesadiki?

Wanavyuoni wetu wa Hadithi hawakupokea neno la Mtume (S.A.W.) kwa uzuri wa sauti ya msemaji. Waliuliza: umelisikia kwa nani, naye kwa nani, na je, mlikutana? Mtu alisafiri mwezi mzima kwa ajili ya Hadithi moja. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha tuihakiki khabari kabla ya kuitendea, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Leo sauti yatufikia haina baba wala mama, nasi twaikaribisha ndani na kuipa kiti.

Hatta sauti ya kweli, iliyo hai, yaweza kumpoteza asiyefikiri. Makka na Mombasa ziko karibu juu ya mstari mmoja toka kaskazini hatta kusini, na saa za nchi hizi mbili ni moja. Mtu huona basi adhana ya Makka aisikiayo katika ungo yamtosha. Lakini mwezi wa Desemba jua huzama Makka yapata dakika 40 kabla ya kuzama Mombasa! Na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwenye kufuturu siku hizo kwa adhana ile atafuturu na jua lamtazama usoni. Adhana ni ya haki, muadhini ni mkweli, ila si adhana yake.

Atasema msemaji: basi tusihifadhi kitu. La. Redio hazidumu. Idhaa ya Kiarabu ya BBC ilianza tarehe 3 Januari 1938, wakakua kwayo vizazi, na tarehe 27 Januari 2023 redio yake ikanyamaza. Kilichosemwa hewani kisipohifadhiwa huenda na upepo. Hifadhini, lakini mhifadhi kama watu wenye ilimu: jina la idhaa, jina la msomaji au msemaji, tarehe ya Hijria na ya miladi, na mahali mliponasia. Na kitu kizima kiwe kizima. Kila mtoto wa chuoni ajua kuwa katika Suratul Maun kuna onyo kwa wenye kusali, ambalo ukilikata katikati utakuwa umemtisha kila mtu aliye msikitini. Darasa ya sheikh nayo yakatwa hivyo hivyo. Hutolewa neno moja kali katika saa nzima, kikaachwa kisababu chake, na sheikh wa watu akatukanwa katika miji asiyoijua.

Kuna na haki ya mwenye mali. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Kuwait wa Desemba 1988, iliamua kuwa haki za mtungaji na mvumbuzi zimelindwa kisheria, wala si halali kuzivamia. Idhaa ikiruhusu kuchukua kwa ajili ya nafsi yako, chukua na ushukuru. Kuzijaza flashi mia kwa sauti za watu na kuziuza mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, bila ya idhini, hakuhalaliki kwa kuwa kilichomo ni mawaidha.

Yule bwana wa mtaa ule alikuja kwa imamu baada ya Idi, flashi mkononi, ataka kuzifuta zote mbele yake. Imamu akamzuia, akampa daftari. Sasa kila sauti aliyo nayo ina mstari wake: idhaa, msomaji, siku. Ile ya mwezi mamake hakukubali ifutwe. Imeandikwa mwaka wake juu, kwa wino mwekundu.